Jiwe la Kyerwa na Betri ya Chumvi

Swali la mtihani ukilikosa unapata supu, unarudia, maisha yanaendelea. Kuna maswali mengine ambayo ukiyajibu ovyo, mtu anauza shamba. Nilipokuwa TP mwaka jana katika shule moja ya sekondari huko kwetu Karagwe, niliulizwa swali la aina hiyo ya pili, na aliyeniuliza alikuwa kijana wa Kidato cha Tatu.

“Mwalimu, eti ni kweli betri mpya za magari zinatengenezwa kwa jiwe la kwetu?”

Kwao ni Kyerwa, ila anakaa Ihanda kwa shangazi yake ili awe karibu na shule. Kaka yake ni mchimbaji mdogo wa bati. Kuna mtu alipita machimboni, ana simu nzuri na maneno mengi, akawaambia vijana kwamba dunia imechoka na betri za lithiamu, sasa zinakuja betri za chumvi, na ndani ya hizo betri kinachotakiwa ni bati. Bei itapaa. Mwenye akili anunue eneo sasa hivi. Basi kaka mtu akaanza mipango ya kuuza nusu ya kibanja walichoachiwa na marehemu baba yao, migomba na kahawa humo humo, ili anunue eneo la kuchimba na pampu ya kutoa maji shimoni. Na dogo je? Dogo aache shule, akasimamie uoshaji.

“Nikimwambia ni uongo, atasema nimetumwa na shangazi. Nikimwambia ni kweli, Januari sirudi shule.”

Mimi nina miaka 22, nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni kemia na baiolojia, na kwetu ni hapo hapo Ihanda. Nilimwambia anipe hadi Jumatatu. Uvumi ule ulikuwa na ubaya mmoja mkubwa: nusu yake ni kweli. Uongo mtupu unaukanusha kwa sentensi moja, ila nusu ya kweli haikanushwi hivyo. Inabidi ukae chini uitenganishe, punje hii huku, pumba ile kule. Naomba tufanye kazi hiyo pamoja hapa, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalotuhusu sisi tunaokwenda kushika chaki.

Tuanze na jiwe lenyewe

Wachimbaji wa Kyerwa wanasema “bati”, lakini kinachotoka shimoni si bati tupu. Ni oksaidi ya bati, SnO2, madini ambayo wanajiolojia wanayaita kasiteraiti. Kila atomu moja ya bati imeshikana na mbili za oksijeni. Katika kilo 100 za kasiteraiti safi kuna kama kilo 79 za bati, na zilizobaki ni oksijeni. Ni jiwe zito hasa. Chembe yake ina uzito wa zaidi ya mara mbili na nusu ya chembe ya mchanga wa kawaida yenye ukubwa uleule. Ndiyo maana linaoshwa kwa karai: maji yanaondoka na mchanga, jiwe linabaki chini. Mtoto wa miaka kumi wa Kyerwa anaijua kazi hiyo kuliko mimi na wewe, ila hakuna aliyemwambia kwamba pale anafanya somo la densiti.

Miamba iliyobeba jiwe hilo ni sehemu ya mkanda mrefu unaopita kwetu, Rwanda, Burundi na kusini magharibi mwa Uganda. Wanajiolojia wameupa jina la Karagwe na Ankole. Bati lake linaambatana na miamba ya graniti yenye umri wa karibu miaka bilioni moja. Yaani jina la kwetu limo kwenye majarida ya jiolojia yanayosomwa Ulaya na Marekani, halafu kwenye daftari la kemia la mtoto wa Ihanda halimo.

Na bati linafanya kazi gani leo? Siyo mabati ya kuezekea, ingawa jina linachanganya. Mabati yale ni chuma kilichopakwa zinki. Karibu nusu ya bati linalotumika duniani linakwenda kwenye lehemu, ule waya unaoyeyushwa na fundi redio kuunganisha vipande. Kwa hiyo ukiuliza kama jiwe la aina hii limo ndani ya simu yako, jibu ni ndiyo, limo tayari, ila limo kwenye ubao wa saketi. Kwenye betri bado. Shika hilo neno “bado”, tutalirudia.

Chumvi imeingiaje?

Betri ya simu unayosomea gazeti hili usiku umeme ukikatika ni ya lithiamu. Kampuni ya Sony ndiyo iliyoanza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Shida ya lithiamu ni kwamba haipo kwa wingi. Sodiamu, jirani yake wa chini kwenye jedwali la elementi, inapatikana kwenye ganda la dunia kwa zaidi ya mara elfu moja kuliko lithiamu.

Na sisi sodiamu tunaijua, tatizo ni kwamba hatujatambulishwa. Mama akitia magadi kwenye maharage ili yaive upesi, anatia kabonati za sodiamu. Chumvi ya Uvinza ni sodiamu na klorini. Chumvi ya Katwe kule Uganda, ndiyo hiyo. Hata alama ya Na, ambayo wanafunzi wanaikariri huku wakijiuliza herufi N imetoka wapi, inatokana na neno natrium, na hilo limetokana na natron, jina la kale la magadi. Ziwa Natron la Arusha limebeba jina hilohilo. Nilipowaambia hivyo darasani, mmoja akasema, “Kumbe Na ni ya kwetu.” Siyo ya kwetu peke yetu, lakini nilimwacha afurahi.

Mto na daraja

Sasa betri inafanyaje kazi? Darasani nilitumia mto Kagera, maana pale Murongo unasimama Tanzania unaiona Uganda ng'ambo.

Chukulia kuna kijiji upande huu na kijiji upande ule. Ayoni za sodiamu ni watu wanaoruhusiwa kuogelea. Elektroni ni watu wasioruhusiwa kabisa kugusa maji, wao lazima wapite darajani. Ukichaji betri, unawalazimisha wote wahamie kijiji kimoja, kinachoitwa anodi. Ayoni zinaogelea, elektroni zinapita darajani, wanakutana huko. Ukiwasha simu, wanarudi walikotoka. Elektroni zikipita darajani kurudi, tunazitoza ushuru. Ushuru huo ndio mwanga wa taa na muziki wa simu.

Ubora wa betri unategemea sana kijiji cha anodi. Kinaweza kulaza wageni wangapi? Na wakishaondoka, nyumba zinabaki zimesimama?

Kwenye betri ya lithiamu, anodi ni grafaiti, yaani kinywe, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa hapa kwetu. Kinywe kimepangika kama karatasi za daftari, na lithiamu inajipenyeza katikati ya karatasi. Gramu moja inabeba hadi miliampia-saa 372. Kipimo hicho unakijua, ndicho kile mAh kilichoandikwa kwenye betri ya simu. Kama simu yako ni mAh 5000, gawanya: unahitaji gramu 13 na kitu za kinywe.

Sodiamu ikija na kubisha hodi kwenye kinywe, inapokelewa kidogo mno. Wengi tunajibu haraka kwamba ni kwa sababu ayoni yake ni kubwa kuliko ya lithiamu. Kweli ni kubwa, lakini hilo halitoshi, maana potasiamu ni kubwa zaidi na kwenye kinywe inaingia vizuri. Muungano wa sodiamu na kinywe wenyewe hauna uimara. Kwa lugha ya nyumbani, hawaelewani. Ikabidi sodiamu itafutiwe kijiji kingine.

Hapo ndipo oksaidi za metali zilipoingia, mojawapo ikiwa oksaidi ya bati. Jiwe la kaka wa yule kijana.

Jiwe linavyovimba

Oksaidi ya bati inapokea sodiamu kwa hatua mbili. Kwanza, sodiamu inainyang'anya bati oksijeni yake. Inabaki bati tupu iliyozungukwa na oksaidi ya sodiamu. Pili, hilo bati tupu linaanza kuungana na sodiamu moja kwa moja, mpaka kila atomu 4 za bati zinabeba 15 za sodiamu. Ukipiga hesabu ya hatua zote mbili, gramu moja ya SnO2 inaweza kubeba karibu miliampia-saa 1380. Ile simu ya mAh 5000 ingehitaji chini ya gramu 4. Hiyo ndiyo nusu ya kweli iliyokuwa kwenye maneno ya yule mpita njia. Kwenye karatasi, jiwe hili linakishinda kinywe zaidi ya mara tatu.

Lakini hesabu ya karatasi haijui kuvimba. Bati likishapokea sodiamu yote hiyo, ujazo wake unafika zaidi ya mara tano ya ulivyokuwa. Ukitumia simu, sodiamu inatoka, linasinyaa. Ukichaji, linavimba tena. Hakuna jiwe linalovumilia mchezo huo kila siku. Linapasuka vipande, vipande vinaachana, na kipande kilichoachana na wenzake hakina tena njia ya kupitisha elektroni. Kinakaa mle ndani kama abiria aliyeachwa stendi. Tena kila ufa mpya unapofunguka, utando mwembamba unajijenga juu yake, na utando huo unakula sodiamu ambayo hairudi. Baada ya kuchaji mara chache, uwezo umeporomoka.

Hili nilitaka walione kwa macho. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye meza mbili na kabati, kwa hiyo nilitumia maharage na udongo. Tulifinyanga matofali mawili madogo ya udongo wa kichuguu. La kwanza tulishindilia maharage makavu ndani yake moja kwa moja. La pili, maharage yaleyale tuliyafunga mafungu madogo madogo kwenye vipande vya soksi kuukuu, tukaacha nafasi kidogo, ndipo tukayazungushia udongo. Yote mawili tukayaanika yakakauka kidogo, kisha tukayawekea maji kidogo kidogo mpaka kesho yake. Asubuhi tofali la kwanza lilikuwa limepasuka na maharage yametapakaa. La pili lilikuwa na nyufa, lakini kila fungu lilikuwa mahali pake. Na maharage yanavimba kama mara mbili tu, siyo mara tano.

“Sasa kwenye betri soksi ni nini?” akauliza binti mmoja wa mbele. Swali hilo ndilo nililokuwa nalisubiri.

Jani la mgomba

Soksi ni grafini. Ukichukua kinywe ukakibandua mpaka ubaki na karatasi moja tu, yenye unene wa atomu moja ya kaboni, hiyo ni grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliitenga mwaka 2004, na kifaa chao kikuu kilikuwa gundi ya utepe, ile ya kawaida ya ofisini: wanabandika kwenye kinywe, wanabandua, wanarudia. Mwaka 2010 wakapewa Nobel ya Fizikia. Wanaotengeneza anodi hawatumii utepe. Wengi wanapitia njia iliyochapishwa na Hummers na Offeman mwaka 1958, ya kulowesha kinywe kwenye asidi kali na pamanganeti mpaka karatasi zake ziachane, halafu baadaye kuondoa oksijeni iliyoingia.

Grafini ina sifa tatu zinazotakiwa hapa. Inapitisha umeme vizuri, inakunjika bila kukatika, na ni nyepesi. Kule kwetu tukifunika ndizi sufuriani tunapitisha jani la mgomba motoni kwanza ili lilainike. Jani bichi linachanika, jani lililopita motoni linajikunja na kufuata umbo la kitu. Fikiria punje za oksaidi ya bati, ndogo kiasi kwamba zinapimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, zimekaa katikati ya majani ya namna hiyo. Punje ikivimba, jani linanyooka. Ikisinyaa, jani linarudi. Hata punje ikipasuka, vipande vinabaki ndani ya jani, na jani lenyewe ndilo barabara ya elektroni, kwa hiyo hakuna abiria wa kuachwa stendi. Majani nayo yanafaidika, kwa sababu punje zinayatenganisha yasishikamane na kurudi kuwa kinywe.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney, Australia, na wenzao walichapisha kazi yao ya oksaidi ya bati na grafini kwa betri za sodiamu, na tangu hapo maabara nyingi zimeendelea na mchanganyiko huo, wengine wakitumia oksaidi za chuma, za kobalti na metali nyingine.

Kuna kitu kimoja hapa kilinigusa kama mtu wa Kagera. Kuunganisha oksaidi ya metali na kaboni si jambo geni kwetu. Kule Katuruka, Bukoba Vijijini, kuna mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za karibu miaka 2000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science jinsi wazee wa Kihaya walivyojenga upya tanuri za namna ile, wakitumia makaa na nyasi za kinamasi zilizochomwa. Kwenye tanuri, kaboni inainyang'anya metali oksijeni yake. Kwenye betri, anayenyang'anya ni sodiamu, na kaboni imepewa kazi nyingine ya kushika na kutunza. Nilipoweka milinganyo miwili ubaoni, wa tanuri na wa betri, mmoja chini ya mwingine, darasa zima liliona kwamba mwizi wa oksijeni amebadilika, wizi ni uleule. Hiyo ndiyo maana ya kurediusi. Walikuwa wameikariri kwa Kiingereza tangu Kidato cha Pili.

Nusu ya pili

Basi nimefika kwenye neno “bado”.

Betri za sodiamu si ndoto. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza ya kwake Julai 2021. Ni nzito kuliko za lithiamu, maana atomu ya sodiamu ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya lithiamu, lakini kwa betri ya kukaa ukutani nyumbani uzito si kitu. Kwa mkoa kama Kagera, ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme kutoka Uganda, naona kabisa siku moja betri ya namna hiyo ikikaa kwenye nyumba ya Ihanda yenye sola.

Lakini anodi ya betri nyingi za sodiamu zinazoingia sokoni si bati. Ni kaboni ngumu, kaboni isiyopangika vizuri kama kinywe, yenye vijishimo vya kuhifadhia sodiamu. Stevens na Dahn wa Kanada walionyesha mwaka 2000 kwamba inaweza kubeba karibu miliampia-saa 300 kwa gramu. Ni kidogo ukilinganisha na 1380, ila haivimbi hovyo na malighafi yake ni rahisi. Inaweza kutengenezwa hata kwa vifuu vya nazi. Kwa hiyo leo hii kifuu cha Mkuranga kiko karibu na betri ya chumvi kuliko jiwe la Kyerwa.

Na hata kama bati na grafini vitashinda siku moja, kuna mambo mawili yamesimama njiani. Kwanza, kwenye chaji ya kwanza kabisa, sehemu kubwa ya sodiamu inanaswa kwenye ule utando na kwenye oksaidi ya sodiamu, hairudi tena. Pili, maabara haichukui jiwe kutoka kwenye karai na kulisaga. Inaanza na chumvi safi za bati, inaziotesha punje za nanomita juu ya grafini. Thamani inaingia huko, kwenye usafishaji na uoteshaji, siyo shimoni. Tanzania tuna bati Kyerwa, kinywe Mahenge, chumvi Uvinza. Ukiangalia ramani unaweza kudhani betri imeshapikwa. Jamani, kuwa na mchele, nyama na bizari si kuwa na pilau.

Jibu

Jumatatu nilimpa kijana majibu matatu kwenye karatasi, kwa Kiswahili, ili ampelekee kaka yake. Moja: ni kweli jiwe lenu linachunguzwa kwa ajili ya betri za chumvi, na sababu zake ni nzuri. Mbili: betri nyingi za chumvi zinazouzwa sasa hazitumii bati. Bei ya bati leo inategemea zaidi lehemu. Tatu: hata zikija kulitumia, atakayelipwa zaidi ni anayejua kulisafisha na kulifunga kwenye kaboni, na huyo hapatikani kwa kuuza kibanja. Anapatikana kwa kusoma.

Jumamosi iliyofuata kaka mtu alikuja mwenyewe mnadani, akanitafuta. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, nikamwamkia. Akaitikia, akakaa kimya kidogo, halafu akasema:

“Mwalimu, nimesoma. Ila sijaelewa kitu kimoja. Kama jiwe linapasuka, kwa nini wasitafute lisilopasuka?”

Nikamwambia ndicho wanachofanya, wanaita kaboni ngumu. Akacheka sana. Akasema kumbe Wazungu nao wanahama shimo likikataa. Tukaongea bei, tukaongea soko la madini na jinsi ya kulinganisha bei kabla ya kuuza. Kuhusu kibanja hakuniambia neno, na mimi sikuuliza, maana si adabu kumuuliza mtu mzima urithi wake sokoni.

Kibanja hakijauzwa. Kaka bado anachimba, na sioni ubaya, ni kazi halali. Kijana yuko Kidato cha Nne. Juzi alinitumia ujumbe kwa simu ya shangazi yake: je, kaboni ngumu haiwezi kutengenezwa kwa maganda ya kahawa? Nimemjibu kwamba watafiti wameijaribu mimea ya kila aina, na kwamba hilo ni swali la mtu wa chuo kikuu.

Sasa nyie wenzangu

Najua tunavyoandaa TP. Tunakaa kimbweta, mmoja ana desa la maandalio ya somo ya mwaka juzi, tunabadilisha jina la shule na tarehe, kazi imekwisha. Msimamizi anakuja, anaona maandalio yamekamilika, alama zinatoka. Lakini maandalio hayo yaliandikwa kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo mahali popote. Hana kaka machimboni, mama yake hatii magadi kwenye maharage, hajawahi kuona fundi akiyeyusha lehemu.

Mtoto tunayekwenda kumfundisha ana vitu hivyo vyote, na kuna watu wengine wanaomfundisha kuvihusu. Mpita njia mwenye simu nzuri ni mwalimu pia. Anafundisha kwa Kiswahili kinachoeleweka, anatumia mifano ya hapo hapo, na mtihani wake unalipiwa kwa shamba. Sisi tukibaki na fasili za kukariri, tunamwachia darasa.

Kwa hiyo kabla ya semista hii kuisha nina ombi. Kila mmoja wetu anayekwenda TP auandikie umoja wetu ukurasa mmoja: kwao wanachimba nini, wanapika nini, wanauza nini, na mada gani ya silabasi imejificha humo. Wa Mahenge alete kinywe. Wa Uvinza alete chumvi. Wa Pwani alete kifuu. Mimi nimeshaandika wa kwangu, na jiwe liko chumbani kwangu, juu ya rafu. Anayetaka kulishika aje. Msilichukue kwa mkono mmoja, ni zito kuliko linavyoonekana.